Metresi Aliyempelekea Mama Habari Zangu

Wiki hii mwanangu ameanza shule ya watoto wadogo hapa Likasi, na tangu Jumatatu simu yangu haitulii. Walimu wametuingiza wazazi wote katika kundi moja, na kila adhuhuri wanatuma picha: watoto wamekaa kwenye mkeka, watoto wananawa mikono, mwanangu ameshika penseli ya rangi kama mtu aliyeshika nyundo. Wazazi wengine wanajibu kwa vidole gumba na maua. Jana ilikuja picha yake amelala, mdomo wazi, shati limepanda tumboni, na mkono wa mwalimu uko mgongoni pake. Nilikuwa sokoni nauza vitambaa, na mteja alikuwa ananisubiri nimkatie kipande chake. Niliweka mkasi chini, nikamwomba anivumilie kidogo, nikaenda kusimama nyuma ya kibanda mpaka nikaweza kurudi. Wewe ni rafiki yangu wa siku nyingi, ngoja nikueleze kwa nini.

Tulikaa mtaa wa Panda, hapa hapa Likasi, katika zile nyumba za matofali ambazo kampuni ya shaba iliwajengea wafanyakazi wake zamani. Baba alikuwa fundi kiwandani, akitoka asubuhi na salopeti yake, ovaroli ya buluu iliyonuka grisi hata ikifuliwa. Nikikumbuka asubuhi za pale, kwanza nakumbuka moshi wa mbabula, yale majiko ya makaa ambayo kila mama aliyawasha nje mbele ya mlango, halafu harufu ya mikate inayokaangwa kwenye mafuta. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa akiuza hiyo mikate, na alinipa mmoja kila nikipita, wa moto, nikiuhamisha kutoka mkono huu kwenda mkono mwingine njia nzima.

Shule yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kanisa. Sakafu ilipakwa nta nyekundu iliyotuchafua soksi. Katikati ya asubuhi tulipewa uji wa mahindi wenye karanga za kutwanga, na baada ya uji tulilazwa kwenye mikeka, tulie, hata asiyetaka. Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, ambaye wazazi wake walitoka Kasai kuja kutafuta kazi ya migodi. Tulimwita metresi, kama watoto wa kwetu wanavyomwita kila mwalimu wa kike.

Metresi alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona tena mahali pengine. Saa ya kutoka alisimama mlangoni, akamshika kila mtoto mkono mpaka mzazi wake afike, na hakumwachia hivi hivi. Lazima kwanza amweleze mzazi habari ya siku ile, ya mtoto yule, siyo ya watoto wote. Huyu leo amefunga vifungo vyake mwenyewe. Huyu amemng'ata mwenzake, halafu akalia kuliko aliyeng'atwa. Huyu amejua kushoto kwake. Wazazi wenye haraka walikuwa wakihamahama miguu, lakini walisikiliza, kwa sababu mkono wa mtoto ulikuwa bado katika mkono wake. Mama yangu hakuwa na haraka. Jirani ananiambia kwamba mama alikuwa wa mwisho kuondoka kila siku, akiuliza hiki na kile, akikohoa kwenye kitenge chake.

Mwezi wa kumi, jakaranda zilipokuwa zimeweka zambarau yao barabara nzima, kikohozi kilimlaza mama. Alikuwa na ugonjwa wa kifua, wakampeleka hospitali, katika jengo la peke yake lililokuwa nyuma ya mengine. Watoto hawakuruhusiwa kuingia mle. Mimi niliambiwa tu kwamba mama amekwenda kupata dawa. Nilikaa kibarazani nikimsubiri, na jirani alikuja kunibeba kunipeleka kwake kula bukari, yaani ugali, na kwake bukari ilikuwa laini mno, siyo kama ya mama, nikaikataa.

Shuleni nako nilikataa. Nilikataa uji, nilikataa kuimba, na wakati wa kulala nilikaa wima kwenye mkeka kama mlinzi. Saa ya kutoka alikuja jirani, metresi akamweleza habari zangu, jirani akaitikia, akanichukua. Siku chache zilipita hivyo. Halafu metresi akaona kwamba habari haziendi kwa mwenyewe, kwa mama. Hakumuuliza mtu. Alipomaliza kufunga shule alivaa viatu vyake vya kutembelea, akaenda hospitali kwa miguu, mbali vile, akaomba kumwona mgonjwa. Muuguzi alimuuliza yeye ni nani wake. Akasema yeye ni mwalimu wa mtoto, na amemletea mama habari ya leo.

Haya yote ninayajua kwa baba, aliyenieleza nilipokuwa mtu mzima. Anasema siku ya kwanza metresi alikaa kwenye benchi la kibarazani mwa lile jengo, mama amekaa upande wa pili na kitambaa mdomoni, akamweleza ukweli mtupu. Kwamba sili. Kwamba siimbi. Kwamba leo nimelia nikimtafuta yeye, na nimejikojolea, kitu ambacho sikuwa nakifanya. Baba alikuwepo. Alimfuata metresi mpaka kwenye geti la hospitali, hasira imemjaa.

"Metresi, usimwambiake mambo ya machozi," alimwambia. "Mwambie tu ya muzuri. Ule muntu iko mugonjwa."

Metresi alimjibu kwamba mama ndiye anayeuliza, na yeye hajui kumdanganya mzazi kuhusu mtoto wake. Baba akasema basi asije tena. Akarudi ndani akamweleza mama alivyomfukuza, akidhani amemtendea wema. Mama alivuta pumzi, halafu akamwambia maneno ambayo baba anasema hayajamtoka masikioni.

"Mambo ya mutoto wangu nayataka yote. Mukinificha, ni sawa minye nimekwisha kufa, na mutoto haiko tena wangu."

Kesho yake baba, na salopeti yake, alipitia shuleni kumwomba metresi msamaha. Metresi akaenda tena hospitali, na kuanzia hapo alikwenda karibu kila siku ya shule.

Upande wangu nilichoona ni kwamba dunia ilianza kunirudia kidogo kidogo. Asubuhi moja metresi aliniletea uji usio na sukari, ameutia chumvi. "Mama anasema ya sukari haupendake," aliniambia. Nikaunywa wote. Wakati wa kulala alipiga magoti kando ya mkeka wangu, akaingiza mkono chini ya shati, akanikuna mgongo kwa kucha, kutoka juu kwenda chini, polepole, vile vile kabisa kama mama alivyokuwa akifanya. Sikumuuliza amejuaje. Nilidhani walimu wanajua. Nilipolala usingizi nilikuwa na hakika kwamba mama hayuko mbali. Na jioni ile, kule kwenye benchi, mama alipata habari kwamba mtoto wake amekunwa, amelala.

Alinilea hivyo, unaona. Kwa miezi ile mama yangu alinilea kutoka kwenye jengo ambalo sikuruhusiwa kuingia, na mikono aliyotumia ilikuwa ya mtu mwingine. Alisema nisukwe nywele za nyuma kwanza, kwa sababu za mbele ndizo zinazoniuma. Alisema nikiogopa radi nipewe kitu cha kushika. Alisema nisiitwe mkaidi, niambiwe jambo mara moja na kuachwa nilifikirie.

Kabla ya Noeli shule ilikuwa na sherehe yake, na metresi alinichagua mimi kusema maneno ya kuwakaribisha wazazi. Yalikuwa ya Kifaransa, nusu yake sikuyaelewa, lakini niliyasema nikiwa naoga, nikiwa nakula, nikiwa mgongoni mwa baba. Mama aliambiwa. Akasema atatoka, atakuja. Madaktari wakasema hapana, bado. Hali yake ilikuwa imerudi nyuma, hata kibarazani hakuletwa tena. Basi metresi aliongea na muuguzi, na alasiri moja baada ya shule alinishika mkono tukaenda.

Mvua ilitukuta kwenye geti. Muuguzi alituonyesha dirisha, akatuambia tusimame kwenye majani, tusisogee zaidi. Metresi alinifunika kwa mwavuli wake, yeye mwenyewe bega moja linalowa. Nyuma ya kioo kulikuwa na mwanamke mwembamba aliyefungwa kitambaa cha kichwa. Ilinibidi nimtazame mara mbili. Alipotabasamu ndipo nikamjua. Niliweka mikono nyuma kama nilivyofundishwa, nikasema maneno yangu yote ya kukaribisha wazazi. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu kiasi kwamba mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu. Mama aliweka kiganja kwenye sikio, akatikisa kichwa. Metresi akaniinamia, akaniambia niseme tena, na nguvu. Nikapiga kelele. Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. Mama aliinua mikono yote miwili, akapiga makofi ambayo nami sikuyasikia.

Baba anasema mama hakupata hata neno moja. Alimwambia kwamba ameona kinywa changu kinavyofunguka vizuri, na kwamba nimeongezeka mwili, na kwamba hayo yanamtosha. Lakini metresi alijua. Siku iliyofuata alirudi peke yake, akasimama kando ya kitanda, mwanamke mzima, akaweka mikono nyuma na kumsemea mama maneno yangu yote kutoka mwanzo mpaka mwisho, na pale nilipokuwa nakosea neno, yeye naye alikosea.

Mama alikufa wiki ile ile. Sherehe ilifanyika, kwa sababu watoto wengine walikuwa na mama zao. Jirani alisema nisiende. Baba alinipeleka. Alikaa benchi la nyuma, na suti yake nyeusi ya mazishi, nami nikawakaribisha wazazi, na safari hii nilisikika mpaka nje.

Saa ya kutoka metresi alisimama mlangoni kama siku zote, mkono wangu katika mkono wake. Baba alipofika mlangoni, metresi alianza kumweleza: leo hakuogopa watu, leo ametaja maneno yote bila kukosea. Baba alimkatiza.

"Sasa hii habari nitapelekea nani?" alimuuliza.

Metresi hakuuachia mkono wangu. Watu walikuwa wanapita na watoto wao.

"Minye nilikuwa naelezea mama," alisema. "Sasa naelezea weye. Sikiliza, baba."

Akaanza upya, tangu uji wa asubuhi. Baba akasikiliza, kofia mkononi. Na tangu siku ile alikuwa yeye wa mwisho kuondoka pale mlangoni, akiuliza hiki na kile.

Baadaye kiwanda kilipunguza watu, tukahama Panda, baba akajaribu kilimo, akajaribu kuleta samaki wa ziwa Tshangalele, tukaishi. Vile vyumba viwili nyuma ya kanisa sasa ni ghala la saruji. Lile jengo la hospitali limebomolewa. Metresi alizeeka, akaenda kukaa kwa dada yake Lubumbashi, na kila nilipofika kule nilimtembelea. Alinipikia sombe, yale majani ya muhogo, na bila kuombwa aliniambia, "Mama alisemaka hivi," akanieleza jambo moja la kwenye lile benchi, mara nyingine jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alikufa kabla ya mvua za mwaka huu.

Nilipokuwa nyuma ya kibanda jana nilijaribu kuisikia sauti ya mama yangu. Sina. Nilikuwa mdogo mno, na ile siku moja ambayo ningeweza kuichukua, kulikuwa na kioo, na mvua. Kila neno la mama nililonalo, nililipokea kwa sauti ya metresi, ya polepole, yenye mkwaruzo kidogo, yenye lafudhi ya Kasai ambayo mama hakuwa nayo. Hiyo ndiyo niliyoijua kama sauti ya mama, maisha yangu yote. Watu waliponikuta nalia kwenye msiba wa metresi waliulizana kama huyu ni binti yake. Wakajibiwa hapana, alikuwa mwanafunzi wake tu.