Namna ya Kumsomea Bibi Meseji

Neema mdogo wangu,

Kuna siku moja ya Desemba, mwaka juzi, ambayo sijawahi kumsimulia mtu. Naiandika humu daftarini kwa sababu mdomoni haitoki, wewe mwenyewe unanijua. Keshokutwa naenda kuanza kidato cha tano, na kazi ya kumsomea Bibi meseji inabaki kwako. Kwa hiyo nivumilie, leo nitaongea kama mzee.

Mwaka ule wewe ulikuwa Bomang'ombe na mama, mimi nilikuwa likizo hapa Masama kwa Bibi. Nilikuwa na ugonjwa wa kusikiliza watu wanavyotamka vifupisho. Mwalimu wetu wa fizikia alitaja LOL, kile kifupisho cha kucheka, herufi moja moja, taratibu, kama anaita majina darasani. Jirani yangu wa dawati alisema "lol" kwa mkupuo, bila hata kutabasamu, nikabaki najiuliza: sasa si ndiyo amecheka? Mama mdogo naye OMG yake ya mshangao ni "omiji." Nani yuko sahihi? Sikumuuliza mtu. Niliogopa kuchekwa.

Mchana mmoja tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za supu ya mtori, Bibi, mimi na binamu yetu Brayani aliyetoka Dar. Simu ya Bibi ikalia. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu, akanipa nisome. Ilikuwa meseji ya kaka Elirehema.

Unajua habari yake. Alitaka kung'oa kahawa za marehemu babu apande parachichi, Bibi akakataa, kaka akaondoka bila kuaga. Miaka mitatu hakupiga hata simu. Sasa alikuwa ameandika: "Shkm bb. Ntakuja Xmas na mchumba wng. Naomba utupokee."

Nikakwama pale pale mwanzoni. Shkm inatamkwaje? Brayani alikuwa ananitazama, kisu mkononi, anasubiri kucheka. Asubuhi yake tu alikuwa amenicheka kwa sababu Wi-Fi niliiita "wifi." Basi nikairuka. Nikaanzia kwenye "nitakuja."

Bibi akaacha kumenya.

"Hakunisalimia?"

Nikanyamaza. Neema, nilinyamaza!

"Miaka mitatu," akasema, "halafu ananitangazia safari kama kondakta. Mjibu aende akalale hotelini Moshi na huyo mchumba wake."

Nikaandika maneno hayo. Kidole kikagoma kutuma. Nikasema naenda kuwapa ng'ombe majani, nikakaa bandani mpaka nikaona aibu hata mbele ya ng'ombe. Niliporudi machozi yalikuwa yananitoka.

"Bibi, alikusalimia. Niliruka mimi. Sikujua inavyotamkwa, nikaogopa Brayani atanicheka. Na ile ya hoteli sijaituma."

Nilidhani atanigombeza. Akamgeukia Brayani. "Nyie wa Dar mnalitamkaje hilo neno?"

"Halitamkwi, Bibi," Brayani akasema, na safari hii hakucheka. "Linaandikwa tu."

"Aliyeliandika alikuwa anasema nini moyoni?"

"Shikamoo."

"Basi ndivyo linavyotamkwa." Kisha akaniangalia mimi. "Mjukuu wangu, mimi sioni vizuri, na yeye yuko mbali. Katikati yetu ulikuwepo wewe tu. Ukimeza salamu yake, mimi nitaipata wapi? Soma tena. Yote."

Nikasoma. "Shikamoo, Bibi." Bibi akainama kuelekea ile simu, kama mtu anayeitikia mlangoni.

"Marahaba, baba. Marahaba." Kisha akanikazia macho. "Futa ile ya hoteli. Mwandikie marahaba, usiikate. Mwambie chumba chake kipo, na huyo binti tutampokea."

Walifika siku mbili kabla ya Krismasi. Kahawa za babu walizikuta zimesimama, na hakuna aliyezitaja mpaka walipomaliza kula.

Mdogo wangu, unaposoma maneno ya mtu mbele ya mtu mwingine, usiruke kitu kwa sababu ya aibu yako. Ukikuta usilolijua, sema, "Bibi, hapa sijui." Atasubiri, hana haraka. Kama yupo wa kukucheka, akucheke, kicheko kinapita kabla ndizi hazijaiva. Na usijifanye mjuzi wa kutamka mpaka ukasahau kuna mtu aliyeandika, amekaa huko mbali anangoja kujibiwa.

Mungu akupe sauti inayotoka, Neema, hata ikiwa inatetemeka. Akutunzie Bibi na masikio yake. Na kila anayeandika salamu kwenda nyumba hii, kwa herufi zozote atakazoweza, aitikiwe.