Nilimwomba Ruhusa Mama Mkwe, Mgonjwa Akatia Sahihi

Admin, jina langu baki nalo mwenyewe, maana wenzangu wa chuo wote wanafuatilia ukurasa huu. Mimi ni dada wa miaka 25, nasomea udaktari, mwaka wa tano, naishi Kijenge hapa Arusha. Nina aibu ambayo nikila iko nami, nikisali iko nami.

Wodini tulimpokea dada mmoja, msusi, ameolewa Kikatiti. Alifanyiwa upasuaji akatolewa bonge la nywele tumboni. Tangu utotoni ananyonyoa nywele na kuzimeza, na akiwa na mawazo humeza hata zinazobaki kwenye kitana saluni. Ni ugonjwa, unajulikana na unatibika. Nyumbani alisema ana uvimbe, akatuomba tusimwambie mtu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwahidi.

Kesi kama hii ni adimu, na mwanafunzi akiiandika ikachapishwa kwenye jarida la madaktari, anaheshimika. Daktari anayetusimamia akaniambia nikaombe kwanza ruhusa ya mgonjwa. Hapo ndipo nilipoharibu. Sisi Wameru tumelelewa kwamba jambo zito linaanzia kwa mkubwa. Nikasubiri saa ya kuona wagonjwa, nikamkuta mama mkwe wake amekaa pembeni ya kitanda na chupa ya uji. Nikampa shikamoo, nikaongea naye Kimeru, akafurahi sana, akauliza mimi ni binti wa nani. Nikajiona nina adabu kweli. Nikamwomba yeye ruhusa. Akauliza huo uvimbe una nini hadi uandikwe, na mimi kwa kiherehere changu nikamweleza yote, mgonjwa mwenyewe akisikia.

Mama akaifunga chupa ya uji, akasema, "Andika tu, mwanangu. Watu wajue."

Nilimpa yule dada fomu ya ruhusa, akatia sahihi bila kuniangalia. Nikaichukua, nikatoka wodini nikitabasamu.

Sasa amerudishwa kwao. Mama mkwe anasema anayemeza nywele za watu ni mchawi, wateja wamekimbia saluni, na mtoto wa yule dada, wa miaka mitatu, amezuiwa Kikatiti. Nilimpigia simu kumwomba msamaha. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Aliniambia taratibu, "Dokta, ungeniuliza mimi, ningekubali."

Nililia. Kabla hajakata simu, aliniomba nisizungumzie tena habari zake na mtu yeyote.

Daktari wangu hajui lolote. Yeye anaona sahihi ipo, ananihimiza nitume kazi, ananisifia mbele ya wenzangu, nami nainamisha kichwa. Kutuma situmi, hilo nimeshaamua, hata kama nikieleza sababu nitachukuliwa hatua. Kinachonitesa ni yule mtoto. Natamani niende Kikatiti na daktari, tumweleze mama mkwe kwamba mkwewe ni mgonjwa, si mchawi, mtoto arudi kwa mama yake. Lakini nikienda, nitakuwa nimemsema tena bila ruhusa yake. Nikinyamaza, mtoto anaendelea kulia huko kwa sababu ya mdomo wangu. Na kumpigia tena kumwuliza, naona aibu, simu naishika naiweka chini.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Msinihurumie sana, maana hata haya niliyowaandikia leo, sikumwuliza.