Pikipiki Yenye Kasoro Tatu

Nilikwenda Garissa kununua pikipiki yangu ya kwanza, na lau ningekuwa peke yangu ningeimaliza kazi hiyo kwa robo saa. Niliitaka mpya. Nilikuwa nimeshaiona moyoni: nyekundu, nailoni bado imefunika kiti, na mimi juu yake naingia Ijara watu wakinikodolea macho. Aliyesema kipya kinyemi ingawa kidonda alinijua vizuri.

Kazi yangu ni kutibu mifugo. Mimi mzaliwa wa Lamu, nikapangiwa Ijara, na huko nikapata chumba kwa mama mmoja wa Kisomali aliyefuga ng'ombe tangu utoto wake. Nilimwita eeddo, yaani shangazi, naye akiniita eeddo vilevile, maana kwao jina hilo huenda na kurudi. Mwembamba, mrefu, sauti yake ya chini, na akikukatalia jambo umekataliwa.

Mwaka uliotangulia kimeta kiliingia katika kundi lake. Ng'ombe wa kwanza alipoanguka wachungaji wake walinipigia simu. Dawa nilikuwa nayo, sanduku la barafu nilikuwa nalo, usafiri ndio sikuwa nao. Nikangoja lifti. Siku ya tatu ndipo nilipofika malishoni, na waliokufa walikuwa wameshatimia saba. Eeddo hakunilaumu, hata kwa jicho. Kesho yake aliniletea kikombe cha maziwa kama kawaida, na wallahi niliyanywa nikitazama sakafu. Tangu hapo nikawa sitaki kitu kingine duniani ila kufika mapema, na nikaweka akiba mpaka nikaacha hata sigara.

Nilipomwambia naenda kununua pikipiki, alichukua shuka yake akasema anakuja.

"Wewe unajua ng'ombe gonjwa," akaniambia. "Kununua hujui."

Nilikasirika, lakini tukapanda basi pamoja.

Dukani Garissa pikipiki niliyoiota ilikuwepo, nyekundu vilevile. Eeddo akasalimia, akaizunguka mara mbili mikono nyuma, kisha akamuuliza mwenye duka, "Kasoro yake nini?"

Kijana yule akacheka. Hakujua kwamba kwa wafugaji swali hilo ni la adabu tu. Muuzaji huulizwa kasoro ya mnyama, na muungwana huitaja mwenyewe kabla ya bei, awe ni ng'ombe wa teke au ngamia asiyependa mzigo.

"Mama, hii ni mpya! Haina kasoro."

"Iko. Wewe hujakaa na yeye, hujui bado." Kisha akauliza, "Ijara nani anatengeneza?"

Kijana akasema aina ile ni ngeni, spea ziko Garissa tu, ikiharibika tuilete. Eeddo akanigeukia. "Ikilala msituni, wewe utabeba mgongoni?" Akamshukuru kijana, akatoka. Nikamfuata nikinung'unika kama mtoto aliyenyimwa kashata, kwa sababu alisema kweli na mimi sikutaka kuisikia.

Tulilala kwa jamaa zake. Kulikuwa na mtu mwenye pikipiki ya mkono wa pili, ing'arayo kuliko hata ile ya dukani, ametuambia tuje saa mbili asubuhi. Eeddo akasema tutakwenda mara tu baada ya swala ya alfajiri. Ngamia wa mizigo, akanieleza njiani, humnunui akiwa amesimama. Unakwenda mapema umkute amelala, umwone anavyoinuka.

Tulimkuta mwenye pikipiki anaifuta kwa kitambaa. Kabla hata sijaitikia salamu, eeddo alishaweka kiganja chake juu ya injini.

"Eeddo," akaniita, "hii imeamka kabla yetu."

"Niliiwasha kidogo tu, mama, nikaenda nayo msikitini," akasema mwenyewe.

Eeddo akauliza msikiti gani. Jamaa akaonyesha. Lahaula! Msikiti wenyewe ulikuwa ukuta kwa ukuta na nyumba yake, ungeweza kumsikia imamu akikohoa. Mimi ningepiga kelele pale, ningemwita mwongo mbele ya wake zake. Eeddo yeye alivuta mtungi wa plastiki uliokuwa mtupu, akaukalia, akasema hana haraka, tutangoja ipoe.

Na tukangoja kweli. Jua likatukuta, chai ikaletwa, tukanywa. Injini ilipopoa, jamaa akaanza kupiga kiki. Akapiga, akapiga, kiatu kikamtoka mguuni, pikipiki ikakohoa moshi mweusi na kunyamaza. Eeddo akainuka, akamwombea Mungu amrahisishie mambo yake, tena kwa sauti ya mtu anayemaanisha, akaenda zake. Nilimtazama mgongo wake mwembamba nikajiambia, huyu mama angekuwa serikalini nchi ingenyooka.

Jamaa za eeddo wakatuelekeza kwa maalimu mmoja wa madrasa aliyekuwa anauza kwa sababu magoti yamemshinda. Nilipoiona pikipiki yenyewe roho ilinizama. Rangi imeliwa na jua, kiti kimeshonwa kwa uzi wa gunia, na kuku amelala chini yake. Lakini fundi wetu wa Ijara aina hiyo huifungua na kuifunga huku akipiga soga. Eeddo akagusa injini. Ilikuwa baridi.

"Kasoro yake nini, maalimu?"

Mzee hakuinuka mkekani. "Tatu. Gia ya pili inaruka ukipanda na mzigo. Taa inafifia ukipunguza mwendo. Na ukiilaza upande wa kushoto inamwaga petroli. Kuwaka haijanikatalia hata siku moja."

Nikapiga kiki. Moja tu, ikaitika. Kuku akakimbia. Eeddo akakaa nyuma yangu upande, na ili mzigo uwe mzigo kweli akapakata gunia la mchele la maalimu. Tukaenda hadi kwenye kilima kidogo cha mchanga mwisho wa mtaa, na pale gia ya pili ikaruka, tukatikisika nusura tuanguke. Akacheka kwa furaha, akanipiga bega. "Imeruka! Imeruka! Mzee amesema kweli!" Sijawahi kumwona mtu akishangilia ubovu namna ile, na nikampenda kwa hilo.

Tuliporudi nikatangaza kwamba naichukua. Maalimu hakupokea pesa. Alinitazama miguu mpaka kichwa, kisha akamuuliza eeddo, si mimi, "Na huyu anayeichukua? Kasoro yake nini?"

Nilidhani anatania. Nikamgeukia eeddo nikitabasamu. Yeye hakuwa akitabasamu.

"Alichelewa," akasema. "Ng'ombe yangu saba ikakufa."

Mwaka mzima hakuwahi kulitamka, nami nilikuwa nimejidanganya kwamba labda ameshasahau, au ameyaachia mapenzi ya Mungu, mimi simo. Kumbe nimo, na hesabu anayo. Maalimu akauliza, "Nyingine?"

"Hakuna. Hiyo tu. Na yeye mwenyewe anajua, asubuhi hawezi kunywa maziwa yangu bila kuangalia chini." Akaninyooshea kidevu. "Nimekaa na yeye, maalimu. Mpe."

Maalimu akapokea pesa, akanyoosha mkono wenye ufunguo. Nililia pale uani, mwanamume mzima, na sioni haya kulisema. Eeddo aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akafunga shuka yake vizuri, akapanda nyuma.