Mbele ya sori kufika Kalemie

Nyinyi wa rika yangu munakumbuka, tulikomaa hapa Kalemie wakati sori ilikuwa haijavuka ziwa. Sasa iko kila pahali, ilikuja na boti za Kigoma pamoja na sabuni. Mujukuu wangu akinikanyaga: sori, Koko. Kama hajasikia vile nimesema: sori? Anapita katikati ya wakubwa: sori. Jirani amefiwa: sori. Nikimutuma maji na hataki: sori, Koko, na anaendelea kulala. Neno moja, kazi yote hiyo. Hata punda anapumzikaka.

Sisi tulikuwa na jirani, Papa Kalunga. Papa yangu aliazima wavu kwake, akautega pale muto Lukuga inatoka ziwani, pahali hata watoto walijua viboko njo vinapitaka. Kiboko kikapita. Wavu ni matundu, ndiyo, lakini yale sasa yalikuwa ya kupitisha mutu.

Papa Kalunga hakugomba. Alifunga mulango wa lupango yake, ule ua wa nyumba, akakataza watoto wake kuja kwetu. Na binti yake Adela njo alikuwa ananisuka. Alikuwa amefika nusu ya kichwa. Nikaomba mama amalizie. Mama akasema: «Aliyeanza njo atamaliza.» Nikaenda hata misa vile, upande mumoja umesukwa, upande mwingine kichaka. Niliogopa nitaolewa na kichwa ile.

Usiku mama akamwambia papa: «Papa Feza, kesho beba ule wavu, ukakae kwa mulango wake. Mudomo haushoni wavu.» Feza njo mimi.

Papa akakaa pale inje, anashona. Kesho yake tena. Papa Kalunga anatoka, anamuruka kama jiwe, anaenda. Papa anafunga fundo ingine. Sisi watoto tunachungulia kwa nyasi, mimi nimeshika kichwa.

Asubuhi moja Papa Kalunga akasimama. Akaangalia.

«Ile fundo ni mbaya.»

«Njo yangu ile,» papa akasema.

«Naona. Leta.»

Akakaa chini, akashika upande mwingine. Jua likapanda. Mama Kalunga akaleta bukari, ule ugali wetu, na samaki mikebuka, sahani moja. Walinawa mu beseni moja, wakakula, mpaka mifupa. Hakuna aliyetaja kiboko. Kumbe Adela alikuwa amekwisha kuruka lupango na kichanuo mukononi, ananiambia: «Kaa, tumalize hii aibu.»

Watoto wa leo wanapatana haraka kweli, kabla maji ya bukari haijachemka. Ni vizuri. Tu, sijui siku hizi ile sahani moja wanaikuliaka wapi.