Kwa Baiskeli Hadi Ng'ambo, Kuutua Ulevi

Sababu ya safari yangu ni aibu, na nisipoisema mwanzoni nitaizungukazunguka hadi mwisho. Mimi, Luka Maganga, mkulima wa tumbaku wa Goweko, ni kifungua mimba wa mama yangu. Siku anazikwa nilikuwa nimelala nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, gongo imenilaza. Waliniita nitupe udongo wa kwanza. Waliita tena. Nilipoamka, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na watu wanakula.

Miezi minane baadaye, dada yangu Skola alitangaza siku ya kuweka msalaba kaburini. Alinifuata shambani na hakukubali kuketi.

"Kaka, kama utakuja umelewa, usije. Sitaki mama aaibike mara mbili."

Niliacha kunywa siku hiyohiyo. Siku ya kumi na moja mikono ilikuwa bado inatetemeka. Nesi wa zahanati akaniambia peke yangu nitashindwa, ila mjini Tabora, mtaa wa Ng'ambo, kuna kikundi cha watu walioacha pombe. Hukutana Jumamosi saa kumi jioni, nyuma ya duka la vitambaa.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, niliondoka kwa baiskeli. Njia yetu inafuatana na reli, na wazee husema reli nayo ilifuata mapito ya misafara. Babu zetu Wanyamwezi walipita huku na pembe za ndovu mabegani, kwa miguu, hadi pwani. Mjukuu wao nilikuwa na chupa ya maji na viazi viwili, na kila kilima nilishuka nikakokota. Sisi walevi tuna maneno mengi na pumzi kidogo.

Saa mbili na nusu nilikuwa Igalula, nyumbani kwa shangazi yangu, dada yake baba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Luka. Mbona umekonda hivyo? Kaa, wanzuki imeiva."

Wanzuki ni pombe yetu ya asali, na mgeni akiikataa ni kama ameukataa mlango wenyewe. Harufu ilinifikia kabla ya kibuyu. Ningeweza kusema kweli, lakini nilisema ninakunywa dawa. Alinitazama, akarudisha kibuyu ndani, akaniletea uji.

"Dawa hiyo," alisema, "mama yako alikutafutia sana."

Niliunywa uji ule bila kuinua macho.

Saa nane mchana niliingia Tabora, nikaenda moja kwa moja Ng'ambo. Maseremala walikuwa wanapiga randa, cherehani zinalia barazani. Duka la vitambaa nililiona upesi, nikalipita. Nikarudi, nikalipita tena. Ningeuliza nini, "naomba mnielekeze kwa walevi"? Mara ya tatu mama mmoja muuza vitumbua akanihurumia.

"Baba, wale waliotua pombe hukutana nyuma hapo. Ingia tu, baiskeli nitakutazamia."

Saa kumi mkutano ulianza, watu wanane juu ya mabenchi mawili. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, aliuliza kama wapagazi wa zamani: "Nani anatua leo?" Ukishasema mzigo wako, wote hujibu, "Tumepokea." Hakuna anayekemea. Na wa kwanza kusimama alikuwa Pazi, nikatamani ardhi inimeze.

Pazi ni fundi cherehani, Mzaramo aliyeishi kwetu Goweko miaka mingi kabla ya kuhamia mjini. Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za misafara. Mtani akikutukana unacheka, na msibani ana ruhusa ya kufanya vituko apendavyo. Siku ya mazishi ya mama, Pazi aliyumba mbele ya jeneza, akaanguka kifudifudi kwenye udongo wa kaburi. Kila mtu alijua ananiigiza mimi. Nilicheka kuliko wote, maana akasirikaye kwa utani ndiye mwenye kosa. Kisha akanishika mkono: "Twende, mtani, tukafute machozi." Tukaenda nyuma ya bani, ibada haijaanza.

Sasa alinigeukia.

"Luka, mtani wangu, siku ile sikukuigiza. Nilikuwa nimelewa chakari, nikaanguka kweli. Mlipocheka nilimshukuru Mungu, utani umenisitiri. Halafu nikakuchukua ukanywe nami ili nisiwe peke yangu. Mazishi ya mama yako nilikunyima mimi."

Lakini nilijua kwamba hakunibeba. Nilikwenda kwa miguu yangu. Wenzake wakasema, "Tumepokea." Mimi nilichelewa, nikalisema peke yangu baada yao. Kisha nikatua wangu. Nililia, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mbele ya watu nisiowajua, na hakuna aliyecheka.

Nililala kwa Pazi. Jumapili asubuhi nilishika njia ya kurudi, na Igalula nikamwambia shangazi kwamba dawa sina, mimi ni mlevi ninayejaribu kuacha. "Najua," alisema, akaenda kupika uji.

Jioni, Goweko, nilimkuta Skola akipalilia kaburini. Alinisogelea akaninusa mdomo, kama mama alivyokuwa akifanya nikitoka mnadani. Kisha akanipa jembe.

"Alhamisi, siku ya msalaba, uje."

Udongo ulikuwa umeshakuwa mgumu. Nilichimba wa kujaa kiganja, nikautupa juu ya kaburi. Nilichojifunza ni kidogo kwa safari ndefu vile: kuacha pombe kumenirudisha kaburini kwa mama, lakini mazishini hakutanirudisha kamwe.

"Mama alikuulizia hadi anakata roho," Skola alisema. "Tulimwambia uko njiani."