Jicho Lililoombewa

Sisi Wamethodisti tuna kitu tunachokiita darasa. Si la shule. Ni nyumba chache za mtaa mmoja zinazokutana kila Alhamisi jioni, na kiongozi anamuuliza mmoja mmoja swali lilelile: roho yako inaendeleaje, na tukuombee nini? Darasa letu la mtaa wa Gikondo tunaliendesha kwa Kiswahili badala ya Kinyarwanda, maana wengi wetu tulikulia Tanzania au Uganda, na wengine wametoka Kongo. Mara nyingi tulikaa sebuleni kwa mama yangu, cherehani yake ikiwa imesukumwa pembeni na kufunikwa kitambaa.

Asiyetaka kusema mambo yake alikuwa na jibu lake: "Mniombee safari." Hakuna anayeuliza safari ya wapi. Wakishaondoka, mama aliwacheka watu hao mpaka anajifuta machozi. "Kila wiki safari, na hata Kagugu, hapa hapa mjini, hawafiki! Sasa mtu kama huyo anakuja kufanya nini?" Yeye alisema kila kitu. Kifo cha baba alikililia pale, na ugomvi wangu na mume wangu aliutoa palepale, mimi mwenyewe nimekaa natamani ardhi ipasuke.

Basi jicho lake la kulia lilipoanza kuona ukungu, alilisema Alhamisi iyo hiyo. Daktari alikuwa amemwambia ni mtoto wa jicho, bado mchanga, upasuaji unaweza kusubiri. La kushoto lilikuwa zima kabisa. Na alikuwa katikati ya kushona majoho ya kwaya ya Pasaka, kazi aliyoifanya tangu kanisa letu likiwa mabati matupu. Msaada alioutaka kwangu ni mmoja tu: asubuhi, kabla sijaenda kazini, nilimtungia nyuzi kwenye sindano kadhaa nikazichomeka kwenye kipande cha sponji.

Jumapili, kiongozi wa darasa, mwanamke mpole anayefanya kazi kwenye ofisi moja huko Kimihurura, akasimama mbele ya kanisa zima.

"Tumuombee mama yetu fundi," alisema. "Macho yake yanapotea."

Macho! Yote mawili! Mchungaji akamwita mama mbele, akamwekea mikono. Watu walilia. Mama naye alilia, maskini, kwa kuguswa na jinsi anavyopendwa.

Jumanne kiongozi wa kwaya alikuja na maziwa na sukari. Tulipomaliza kushukuru akakunja vitambaa vyote vya majoho, hata mikono iliyokwisha kukatwa, akavitia kwenye mfuko.

"Mama, wewe pumzika tu. Sisi tunakupenda. Iko mafundi mingi mjini, watamalizia."

"Lakini naona, mwanangu."

"Yego, ndiyo, Mama. Kwa imani, utaona."

Wengine wakafuata. Mwenye gauni la ubatizo, mwenye sketi za shule, mwenye nguo za harusi ya binti yake. Kila mmoja aliingia na kitu mkononi akatoka na kitambaa chake. Nyumba ikajaa unga na ndizi, na cherehani ikashinda imefunikwa tangu asubuhi.

Nilimvizia kiongozi wa darasa mlangoni mwa kanisa. Sikumsalimia.

"Nani aliwaambia mama yangu ni kipofu?"

Akanishika mikono yote miwili. "Dada yangu, tulimwombea tu."

Na kweli walimwombea. Hapo ndipo niliposhindwa, na uchungu wake ninao hadi leo. Angekuwa amemsengenya, ningemjibu. Angekuwa amemwibia, ningemshtaki. Sasa mtu aliyepiga magoti kwa ajili ya mama yako unamfanya nini?

Siku ya Pasaka kwaya iliingia na majoho mapya. Niliona mabega yamekaa vibaya, au labda nilitaka yakae vibaya. Mama aliyatazama kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, midomo yake ikiimba. Tulipofika nyumbani alichomoa sindano kwenye sponji, moja moja, nyuzi zikiwa bado zimetungwa, akazirudisha kwenye kopo.

"Usinitungie tena," alisema.

Alhamisi darasa lilikutana kwetu. Nilipika chai kwa sukari waliyoileta wenyewe. Swali likazunguka sebule, mtu kwa mtu, likamfikia.

"Na Mama yetu? Macho yanaendeleaje? Tukuombee nini wiki hii?"

Mama alinyoosha kitenge magotini. Mimi nilikuwa nimesimama na birika, nikimsubiri aseme, maana nilijua akianza hataacha kitu, na safari hii nilitaka awaambie yote.

"Nashukuru, niko salama," alisema. "Mniombee safari."

"Amina," wakaitikia wote, na kiongozi akamgeukia aliyekaa karibu na mama.