Mgomba Uliozikwa Badala ya Babu

Nyuma ya nyumba ya mama yangu, huku kwetu Kasulu, karibu na Titye, kuna kaburi ambalo ndani yake hakuna mtu. Kuna mgomba. Babu, baba mzazi wa mama, aliondoka kwenda kukata mkonge Tanga wakati mama bado yuko tumboni, na hakurudi. Aliyerudi ni mwenzake waliyeondoka naye, akaleta habari kwamba amekufa na kuzikwa huko huko mashambani, wapi hasa hajui. Kwetu mtu haachwi hivyo. Ndugu zake wakakata mgomba wenye urefu wa mtu mzima, wakauviringishia mkeka, wakaulilia kama wanavyoliliwa watu, wakauzika na kupanga mawe juu yake.

Mimi ni mwalimu wa historia. Kwa miaka nimewaandikia watoto ubaoni sababu za ukoloni, malighafi, masoko, na wao wakanakili bila kuinua vichwa. Sikuwahi kuwaambia kwamba malighafi yenyewe ilikuwa babu yangu. Mjerumani alileta kodi, Mwingereza akaipokea na kuiendeleza, na Buha, nchi yetu Waha, ikaachwa makusudi bila barabara ya maana wala zao la kumpa mtu hela. Muha akipata hela nyumbani kwake, mkonge wa mzungu atakata nani? Wakatugeuza ghala la mikono. Halafu leo mtu wa mjini anatucheka kwamba Waha ni washamba, wanajua vibarua tu. Jambo hili linanichoma, na sitaki kulisema kwa upole.

Wala hawakuishia hapo. Mwingereza na Mbelgiji walikubaliana mpaka, na kwao bibi yangu, mke wa huyo babu, kukaangukia upande wa pili, Burundi. Bibi alikuwa ameolewa kutoka mlima mmoja kuja mlima mwingine, kwa ng'ombe na pombe ya ndizi, kama dada zake wote. Walipomaliza kuchora, akawa mgeni.

Miaka michache iliyopita mama alianza kufuatilia kitambulisho cha taifa. Alikuwa anakitaka kwa ajili ya shamba. Kijijini walikuwa wanapima mashamba na kutoa hati, na asiye na kitambulisho hapewi. Shamba lisilo na hati, hapa kwetu, siku yoyote linaweza kuchukuliwa na mwenye hela. Tatizo ni kwamba huku kitambulisho hakitoki mpaka uhojiwe. Kambi ya Mtendeli ilipofungwa, wakimbizi wengine walirudi Burundi, wengine wakahamishwa, na sisi wenyeji tukaanza kutazamwa kana kwamba ni wakimbizi waliojificha. Lugha yetu na yao ni kama moja, nyuso ni zile zile, basi kila Muha athibitishe.

Afisa alikuja nyumbani asubuhi, kijana mpole kutoka mkoa mwingine, na fomu zake kwenye faili. Mama alimkaribisha, akamwekea kiti.

"Bibi, mama yako alitoka wapi?"

"Ng'ambo. Aliolewa hapa."

Akaandika. Nikanyoosha shingo nione ameandika nini.

"Na baba yako?"

"Huyo ni wa hapa hapa. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba."

Nikashusha pumzi. Kaburi la baba ni ushahidi mkubwa, hata majirani walikuwa tayari kulitolea maelezo. Tukaenda sote. Afisa akayatazama mawe, akauliza, "Kwa hiyo baba yako amezikwa hapa?"

Alichotakiwa kusema ni ndiyo. Neno moja tu.

"Hapana, mwanangu," mama akasema. "Hapa tulizika mgomba. Yeye yuko Tanga."

Nikamvuta kitenge, nikamnong'oneza kwa Kiha aseme yumo. Akanijibu kwa Kiswahili, kwa sauti, ili na mgeni asikie: "Nidanganye juu ya kaburi la baba yangu? Wewe mwalimu una akili kweli?"

Afisa alikuna kichwa. "Bibi, mgomba siwezi kuujaza kwenye fomu."

Hapo nikawaka. Nilimwuliza kama anajua ni nani aliyemtoa huyu mzee kwenye shamba lake, na kwa nini mtoto wake ndiye anayedaiwa maiti. Nilisema mengi, mengine ya aibu.

"Mwalimu," akanijibu taratibu, "mpaka sikuchora mimi."

Ni kweli. Ndiyo maana nilizidi kukasirika. Aliyechora alifia kitandani kwao, na kaburi lake lina jina lake, na hakuna mjukuu wake anayeombwa alithibitishe. Sisi ndio tumebaki kuulinda mstari wake, tukihojiana wenyewe kwa wenyewe.

Nimeshakwenda ofisini kwao Kasulu mara nyingi. Naambiwa suala la mama bado linashughulikiwa, na shamba halijapata hati.

Siku ile, kabla ya kuondoka, afisa alinipa fomu niipitie, kwa kuwa mama hajui kusoma. Palipoulizwa kaburi la baba alikuwa ameandika: halipo.

"Ameandikaje?" mama akauliza.

"Ameandika kwamba yuko Tanga."

Uso wake wote ukafunguka. Maisha yake yote hakuwahi kuona serikali ikiandika alipo baba yake. Akaninyooshea mkono mwenyewe, nami nikakishika kidole gumba chake, nikakipaka wino, nikakigandamiza chini ya lile neno.